Ubao na Chaki Ugenini: Elimu ya Watoto Wakimbizi Magharibi mwa Tanzania

Katika Kanisa la Kilutheri shule na kanisa vilikua pamoja tangu mwanzo. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani waraka mrefu akiwahimiza wafungue na kutunza shule za Kikristo, kwa wavulana na kwa wasichana. Wamisionari wa Berlin, Leipzig na Bethel waliofika nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja na urithi huo. Katika vituo vingi nyumba ilikuwa moja: siku za juma darasa, Jumapili ibada.

Urithi huo ulijaribiwa mapema. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilipopita, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na hatimaye kuondolewa nchini. Wale wa Leipzig katika Kilimanjaro waliondoka mwaka 1920. Kule Bukoba, ambako Bethel ilikuwa imefika mwaka 1910 na kuwakuta Wahaya waliokwisha kuisikia Injili nchini Uganda, Wakristo waliachwa wakiwa wachache na wachanga katika imani. Kazi ikabaki mikononi mwa wainjilisti na waalimu wenyeji. Hawakuwa na mshahara wa uhakika. Vitabu vilikuwa vichache, na kalamu zikakatwa vipande ili zitoshe. Hata hivyo, shule nyingi za vijijini hazikufungwa, na Waluteri wa Augustana kutoka Marekani walipofika mwaka 1922, na Leipzig waliporejea katikati ya miaka ya 1920, walikuta watoto wanaojua kusoma. Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama ushuhuda wa imani, na ndivyo lilivyo. Lakini lina jambo jingine ambalo wasimulizi hulipita haraka. Lilionyesha kwamba darasa linaweza kudumu wakati karibu kila kitu kinacholizunguka kimevunjika, mradi tu yupo mtu mzima mmoja anayefika kila asubuhi.

Vita Kuu ya Pili viliacha jeraha pana zaidi. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoundwa katika mji wa Lund, Sweden, mwaka 1947, inakadiriwa kwamba Mluteri mmoja kati ya kila sita duniani alikuwa mkimbizi au mtu aliyeng'olewa kwao. Kwa hiyo huduma kwa wakimbizi haikuwa kwa Fungamano hilo kazi ya hisani iliyoongezwa baadaye. Wengi waliokuwamo ukumbini walikuwa wameipokea wao wenyewe kabla hawajaitoa.

Zamu ya Tanganyika ilikuja upesi. Kuanzia mwaka 1959 machafuko ya Rwanda yalisukuma maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, kuvuka Mto Kagera na kuingia Ngara na Karagwe. Nchi ilipata uhuru wake mwaka 1961 ikiwa tayari na wageni mlangoni. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa Juni 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba, na mwaka uliofuata, 1964, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, likishirikiana na Jumuiya ya Kikristo nchini, lilianzisha chombo kilichoitwa Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi Tanganyika, ambacho wengi hukijua kwa herufi zake za Kiingereza, TCRS. Jina hilo la Tanganyika halikubadilishwa hata baada ya Muungano.

Utaratibu ulikuwa wa pande tatu. Serikali ilitoa ardhi na usalama. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa sehemu kubwa ya fedha. TCRS ilitenda kazi, yaani kupima viwanja, kuchimba visima, kufungua barabara, na kujenga zahanati na shule. Makazi ya kwanza yalikuwa Muyenzi katika Ngara, na Mwesi katika nyanda za juu za Mpanda, ambako Wanyarwanda wapatao 3,000 waliokuwa Kivu, nchini Kongo, waliletwa kwa ndege hadi Tabora na kisha kupelekwa kwa magari. Kusini, Rutamba ya Lindi na makazi mengine yaliwapokea watu wa Msumbiji waliokimbia vita vya ukombozi.

Hapa inafaa kulitazama neno lenyewe. Vitabu na taarifa za miaka ile husema makazi, si kambi, na tofauti hiyo ilikuwa ya kweli. Mkimbizi wa makazi alipewa shamba, alijenga nyumba ya matofali akitaka, alilipa ushuru wa mazao yake. Alitarajiwa kukaa. Kwa hiyo shule zilizojengwa zilikuwa shule za kukaa: kuta za tofali, sakafu ya saruji, paa la bati, na nyumba ya mwalimu pembeni. Wakimbizi walifyatua matofali na kubeba mawe na mchanga. TCRS ikaleta saruji, mabati na mafundi. Serikali ikapeleka waalimu na mihtasari. Mwaka 1970 Serikali ilikuwa imekwisha kuzitaifisha shule za madhehebu, na Kanisa halikuwa tena mwenye shule za msingi. Ni jambo la kustaajabisha kidogo, na halikutajwa sana wakati ule, kwamba katika miaka ileile ambayo Kanisa lilikabidhi shule zake kwa taifa, mkono wake mwingine ulikuwa ukijenga shule mpya kwa ajili ya watoto wa watu wengine katika misitu ya Tabora na Rukwa, nazo pia zikakabidhiwa.

Misitu hiyo ilijaa watu baada ya mwaka 1972. Mwezi Aprili mwaka huo yalianza mauaji makubwa nchini Burundi, na Wahutu waliosoma walitafutwa kwa namna ya pekee: waalimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa vyuo. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamehamia Tanzania. Kwanza ilifunguliwa Ulyankulu mwaka 1972, kisha Katumba mwaka 1973. Na Ulyankulu ilipozidiwa na watu, maji yakiwa haba na ardhi ikichoka, ilifunguliwa Mishamo mwaka 1978, ikiwa na vijiji 16. Kwa watu ambao watoto wao waliuawa kwa sababu ya kuwa shuleni, shule haikuwa jambo jepesi. Wapo wazazi walioiogopa. Wapo wengine, na hao ndio walioshinda hatimaye, walioona kwamba kumnyima mtoto kalamu kungekuwa kuikamilisha kazi ya wauaji.

Watoto wa Mishamo na Katumba walisoma kama watoto wa Kitanzania. Walitumia vitabu vilevile, walivaa sare zilezile, walifanya mtihani uleule wa darasa la saba, na yote hayo kwa Kiswahili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1977 agizo hilo lilikuwa likitekelezwa nchi nzima. Mtoto mkimbizi alihesabiwa katika hao wote. Upungufu pia ulikuwa wa wote. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo ya muda na kugeuzwa waalimu, madawati hayakutosha, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno hata kwa wenyeji. Nyumbani, jioni, mtoto yuleyule alisemeshwa Kirundi na kusimuliwa vilima ambavyo hakuwahi kuviona. Wazee waliufahamu uzito wa jambo hilo. Walijua kwamba kila kitabu cha Kiswahili alichokimaliza mtoto kilimsogeza karibu zaidi na Mpanda na mbali zaidi na Bururi. Hata hivyo walimpeleka.

Mwaka 1985 Mishamo ilikabidhiwa kwa Serikali. Makazi mengine makubwa yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa. Kwa upande wa Wanyarwanda waliotangulia, Serikali iliwapa uraia wakimbizi wapatao 36,000 mwaka 1980, na mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi.

Katikati ya miaka hiyo Watanzania wenyewe walionja ukimbizi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaikalia ardhi yote ya kaskazini mwa mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Familia zilizowahi kuvuka zilikimbilia kusini na mikeka na mbuzi. Mwaka wa masomo ulikuwa ukielekea mwisho, na kwa watoto wengi ukaishia njiani. Askofu Josiah Kibira wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi alikuwa wakati huo ndiye Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977. Hivyo kiongozi wa Fungamano lililozaliwa miongoni mwa wakimbizi alikuwa na sharika zake mwenyewe zikilala nje. Kampala ilianguka Aprili 1979, watu wakarudi, na kazi ya kurekebisha nyumba, makanisa na shule ikaanza.

Yote haya yalikuwa kama utangulizi tu kwa yale ya mwaka 1994.

Tarehe 28 Aprili 1994 na usiku uliofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara. Dunia haikuwa imewahi kuona wakimbizi wengi namna hiyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi kiasi hicho. Walikaa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, na baadaye Lumasi, Musuhura, Lukole na kwingineko. Karagwe nayo ikapata kambi zake. Ngara ilikuwa tayari na Warundi waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. TCRS, pamoja na mashirika mengine mengi, ilijikuta inafanya kazi katika eneo lilelile ilikoanzia miaka 30 kabla. Safari hii hayakuwa makazi. Zilikuwa kambi: maturubai ya plastiki, foleni za maji, kuni zinazotafutwa mbali zaidi kila juma.

Kwa kawaida ya misaada ya wakati ule, elimu ilihesabiwa kuwa jambo la baadaye. Kwanza maji, chakula, dawa na hema, shule ingesubiri. Waliokataa kusubiri walikuwa wakimbizi wenyewe. Miongoni mwao walikuwamo waalimu wengi, nao walianza kuwakusanya watoto chini ya miti na kuwafundisha nyimbo, michezo na hesabu kwa vijiti na mawe. Mashirika ya UNICEF, UNESCO na UNHCR, pamoja na GTZ ya Ujerumani, yaliutambua mwanzo huo na kuupa utaratibu: kwanza michezo na kutuliza watoto, kisha masomo ya kuanzia, kisha shule kamili. Kilicholetwa kwa hatua ya pili kiliitwa na watu sanduku la shule. Kilikuwa kifurushi kilichobuniwa kwa ajili ya Somalia mwaka 1993, kikatafsiriwa kwa Kinyarwanda. Ndani yake mlikuwa na chaki, vibao vya kuandikia, penseli na madaftari, chati za vitambaa zenye herufi na namba, na daftari la mahudhurio. Sanduku moja lilikusudiwa watoto 80, yaani mikondo miwili ya watoto 40, asubuhi na mchana. Chati zilikuwa za kitambaa kwa sababu karatasi isingedumu mvuani, na kitambaa kingeweza kukunjwa na kubebwa begani ikiwa mwalimu angelazimika kukimbia tena.

Daftari la mahudhurio lilikuwa na kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Katika eneo zima la Maziwa Makuu watoto zaidi ya 100,000 walioachana na wazazi wao waliandikishwa katika miaka ile ili watafutiwe jamaa zao. Mtoto aliyeitwa kwa jina kila asubuhi, na ambaye kutokuwapo kwake kulionekana siku ileile, alikuwa salama zaidi kuliko yule aliyezurura sokoni. Mwalimu alijua nani amepata ndui ya kuku, nani amehamia hema jingine, nani amechukuliwa na mtu asiyejulikana.

Lakini ukweli wa kambi zile haupaswi kupambwa. Waliovuka Rusumo walikuwamo wasio na hatia wengi, na walikuwamo waliotoka kuua. Viongozi wa vijiji walioongoza mauaji ya kimbari walitaka kuongoza kambini pia, na chakula cha msaada kiliwapa nguvu. Baadhi ya mashirika yaliona kwamba hayawezi kuendelea na hali hiyo. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka. Waliobaki, na watumishi wa makanisa wakiwamo, walibeba swali ambalo halikuwa na jibu safi: je, darasa lifunguliwe mahali ambapo huenda hata anayeshika chaki mikono yake si safi? Wengi walijibu kwa kumtazama mtoto wa miaka saba, ambaye hakuchagua mzazi wala njia ya kukimbilia. Masomo yaliyotangulia yalikuwa kusoma, kuandika na hesabu. Historia lilikuwa somo gumu kuliko yote, na Rwanda yenyewe, baada ya mwaka 1994, ilisimamisha kwa miaka mingi ufundishaji wa historia yake katika shule zake.

Wenyeji wa Ngara na Karagwe nao walikuwa na watoto. Miti ilikatwa, visima vikakauka, barabara zikaharibiwa na malori, na mtoto wa kijiji aliyeketi sakafuni aliona ng'ambo ya kilima masanduku ya penseli mpya yakishushwa. Manung'uniko yaliyotokana na hali hiyo yalikuwa ya haki, na ni kwa sababu yake kwamba sehemu ya misaada ilielekezwa baadaye kwenye madarasa, zahanati na visima vya vijiji vilivyowapokea wageni.

Mwezi Desemba 1996 Serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Umati ulikwenda kwanza mashariki, ukikimbia kurudishwa, kisha askari wakaugeuza kuelekea Rusumo. Katika majuma machache mamia ya maelfu ya watu walivuka daraja kwa njia waliyojia. Shule zilizofikia hatua ya tatu ya ule utaratibu zilikwisha kwa siku moja.

Kigoma hali ilikuwa kinyume. Kambi zilizidi kuongezeka: Warundi katika Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli na Nduta, Wakongo katika Lugufu na Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Sera sasa ilikuwa kurudi. Kwa hiyo Mrundi wa Mtabila alifundishwa kwa mihtasari ya Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, na Mkongo wa Nyarugusu kwa mihtasari ya Kongo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilitambua haki ya mtoto mkimbizi kupata elimu ya msingi. Sekondari ilikuwa mzigo ambao wafadhili wengi hawakuutaka, na mara nyingi iliendeshwa na wakimbizi wenyewe, waalimu wakilipwa posho ndogo iliyochangwa na wazazi waliouza sehemu ya mgao wao wa mahindi.

Ni nani aliyefundishwa vema zaidi, mtoto wa Mishamo au mtoto wa Mtabila? Mara nyingi swali hili limejibiwa kwa haraka. Mwaka 2007 Warundi wa 1972, waliokuwa takriban 218,000 pamoja na watoto na wajukuu wao, waliulizwa wachague kati ya uraia na kurudi. Karibu wanne kati ya watano walichagua Tanzania. Watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, na vyeti vikagawanywa kuanzia mwaka 2014. Kwao Kiswahili cha darasani kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya nyumbani. Lakini wale waliorudi Burundi walipeleka watoto wao katika shule za Kirundi na Kifaransa, na kijana aliyekuwa wa kwanza darasani Katumba aliketi na wadogo zake kwa kutoelewa ubao. Kwa mtoto wa Mtabila ilikuwa kinyume: kambi yake ilipofungwa mwaka 2012, alivuka mpaka akiwa na lugha ya huko, lakini alikuwa ameishi Kasulu miaka yote bila kusoma lugha ya majirani zake. Sera zote mbili zilikisia kesho ya mtoto, na kila moja ilikosea kwa baadhi yao. Kilichobaki nao wote ni kwamba walijua kusoma, na ajuaye kusoma kwa lugha moja huifikia ya pili kwa njia fupi.

Mwaka 2015 mambo yalirudi tena. Machafuko yaliyoanza Burundi mwezi Aprili yaliwaleta maelfu hadi Kagunga, kijiji kidogo katika ufuko wa Ziwa Tanganyika ambako mwezi Mei kipindupindu kiliwaua watu kadhaa. Walibebwa hadi Kigoma na MV Liemba, meli ileile iliyotengenezwa na Wajerumani na kutumiwa katika vita vile vya kwanza vilivyowaondoa wamisionari. Nyarugusu, ambayo tayari ilikuwa na Wakongo, ikawa mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya, na Mtendeli ikafungwa tena mwaka 2021. Miongoni mwa waliorudi walikuwamo watu waliozaliwa kambini, waliosoma kambini, na sasa walishika mikono ya watoto wao wenyewe wakielekea kambini.

Madarasa ya Nyarugusu hayakutosha, ikabidi watoto wasome kwa zamu. Wengi walisoma chini ya miti, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina, watoto zaidi ya 100 mbele ya mwalimu mmoja, wengine 200. Mwalimu aliandika herufi kubwa ili wa nyuma wasome, na wa mbele wakawatajia wale ambao hawakuweza kuona. Kiangazi vumbi liliingia machoni. Masika yalipofika mvua ilifuta somo ubaoni kabla watoto hawajamaliza kulinakili, na waalimu wakawa wanaanza saa moja asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika juu ya vilima vya Kasulu.